Mchanga wa Newala Haurudishi Maji

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama kijiti cha muhogo mkavu kinachokatika chini ya unyayo. Nilikuwa nimeinama kwenye shimo la nguzo ya tatu ya uzio, nyumbani kwa mjomba wangu Newala, sururu mkononi na jasho likiniingia machoni, nikajiambia ni mzizi wa mwembe. Nikapiga tena. Mzizi ukakatika. Tukasimamisha nguzo, tukashindilia udongo kwa miguu, tukahamia shimo la nne.

Halikutoka hata tone la maji. Siku ile haikuwa zamu ya mtaa wetu, kwa hiyo bomba lilikuwa kavu, na bomba kavu halilalamiki likikatwa. Lau maji yangekuwapo, yangeniruka usoni na kosa lingejulikana palepale. Mji unaoishi kwa mgao wa maji humpa mharibifu muda wa kutosha wa kufukia alichoharibu, kunawa mikono na kula ugali akiwa na dhamiri safi.

Maji yalifika usiku wa manane. Aliyegundua ni mkaza mjomba, alfajiri, alipotoka na ufagio, na wala hakuona dimbwi. Aliona nguzo ya tatu imeinama kama mlevi anayetafuta mlango, na mchanga kuizunguka umebonyea mfano wa sinia. Aliposogea akasikia chini kwa chini sauti ya kitu kinachopuliza. Kwenye dira ya maji, kigurudumu kidogo kilikuwa kinazunguka kwa kasi, ilhali ndani ya nyumba koki zote zimefungwa.

"Shikamoo mjomba," nilisema nilipotoka mlangoni, maana kwa hali ile niliona salamu ndiyo ngao pekee niliyonayo.

"Marahaba." Alikuwa amesimama na msuli wake, mswaki kinywani. "Mpwa wangu, ule mzizi wa mwembe uliokata jana, ulikuwa na mistari ya bluu?"

Wenye kuujua mpira mweusi wa maji wameshamwelewa.

Wiki zile ulikuwa msimu wa fedha za korosho. Kwa wasiozijua Masasi na Newala, nieleze kwamba mnada wa korosho ndio kalenda ya ujenzi huku. Malipo yakishaingia, nyumba iliyosubiri mwaka mzima hupata mabati mapya, choo cha nje huhamia ndani, uzio wa miti huwa wa matofali, na kila mwenye nguvu za mikono hugeuka fundi. Fundi wa kweli ana kazi kumi mkononi, hivyo humngoji. Unachukua sururu mwenyewe. Mvua nazo zinakuja, nawe unataka kumaliza kabla ardhi haijawa tope. Haraka hiyo ndiyo inayokata mabomba, na mimi ni mmoja tu katika ukoo mrefu wa wenye haraka.

Kilichonifanya nikae chini niandike, hata hivyo, ni lile dimbwi ambalo halikuwapo. Maji yalimwagika usiku kucha, asubuhi ardhi ikawa kavu juu.

Uwanda wa Makonde umejengwa kwa mchanga na mawe laini ya mchanga, tabaka juu ya tabaka. Mvua ikinyesha haikai. Huzama moja kwa moja, ikasafiri chini kwa chini, na kuibukia kwenye chemchemi za pembezoni, chini ya miteremko mikali inayouzunguka uwanda. Juu hakuna mto wala kijito. Ukisimama Shimo la Mungu, pale Newala ambapo ardhi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka mbele yako mpaka upande wa Msumbiji, unaona tatizo lote kwa jicho moja, kwamba watu wako juu na maji yako chini.

Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, aliyefika Newala mwaka 1906, alishangazwa na jambo hilohilo. Kwa nini watu wachague kuishi mahali ambapo kila mtungi lazima upandishwe mlimani kichwani? Alisimuliwa hadithi ya asili ya Wamakonde. Mtu mmoja aliyeishi peke yake porini alichonga kinyago cha mwanamke, usiku kikageuka mwanamke wa kweli. Walioga Ruvuma, na mtoto wao wa kwanza akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru, wa pili naye akazaliwa mfu. Wakapanda juu, nchi ya Mahuta, na wa tatu akaishi. Tangu hapo ukawa wosia, kwamba wasikae karibu na mito mikubwa. Daktari wa leo atakutajia mbu wa mabondeni, mwanahistoria atakutajia wavamizi na watekaji wa watumwa ambao vichaka vya uwandani viliwazuia. Vyovyote iwavyo, wazee waliamua kwamba uhai uko juu, na waliolipa gharama ya uamuzi huo kila siku, kwa shingo na kwa magoti, walikuwa wanawake.

Gharama hiyo haijaisha. Imehama tu kutoka shingoni kwenda kwenye pampu. Miaka ya 1950, bado chini ya Waingereza, ulianza mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni hadi uwandani. Baada ya Uhuru, serikali ya Mwalimu Nyerere ilijiwekea mwaka 1971 lengo la kumfikishia kila mwananchi maji ndani ya miaka 20, na kwa Mtwara na Lindi msaada mkubwa ukatoka Finland. Wazee wa huku bado wanawakumbuka Wafini na mashine zao za kuchimbia visima. Leo Newala na Tandahimba wanategemea mradi wa kitaifa wa Makonde, wenye visima huko Mitema katika bonde la Kitangari. Makonde pia imo katika mradi wa miji 28 unaotekelezwa kwa mkopo kutoka India, ambao mikataba yake ilitiwa saini Chamwino, Juni 2022, mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan.

Sasa fanya hesabu na mimi. Kuinua lita 1,000 za maji mita 100 kwenda juu kunahitaji zaidi ya robo ya uniti ya umeme hata kama pampu ingekuwa haipotezi chochote, na hakuna pampu ya namna hiyo. Kutoka bondeni hadi Newala ni mamia ya mita. Kwa hiyo kila ndoo inayofika mjini imeshakula umeme, dawa na jasho la mtu wa zamu ya usiku. Kisha anakuja mpwa na sururu. Maji niliyoyamwaga usiku ule yalizama mchangani na kuanza safari ya kurudi bondeni yalikotoka, ili yasukumwe tena, yalipiwe tena. Mchanga wa Newala haukurudishii ulichomwaga, na wala haukuonyeshi kwamba umemwaga.

Masasi ni habari nyingine kabisa, ingawa ramani inaziweka karibu. Ukishuka kutoka uwandani unakutana na milima ya mawe iliyosimama peke yake, Mtandi, Mkomaindo na wenzao, mikubwa na mitupu kama migongo ya tembo. Chini ya milima hiyo ndiko Askofu Edward Steere, yuleyule aliyetumikia sana Kiswahili kwa sarufi na tafsiri, alikowaleta watumwa walioachwa huru mwaka 1876 kuanzisha makazi. Maji ya Masasi na Nachingwea yanatoka chanzo cha Mbwinji na kusimamiwa na mamlaka moja, MANAWASA. Mwamba ukiwa karibu hivyo, kuna mahali mtaro wa bomba hauwezi kwenda chini sana. Sururu inagonga jiwe na mchimbaji anakata tamaa. Bomba likilala juujuu, hata jembe la bustani linalifikia. Lakini pia likipasuka, maji hayana pa kuzama. Yanatoka juu, yanavuka uwanja, yanaingia kwa jirani, na jirani anapiga kelele kabla hujatoa jembe shimoni. Kwa tabia yangu ya kuficha makosa, Masasi si mji wa kuishi. Kwa usalama wa bomba, naona bora kelele za Masasi kuliko ukimya wa Newala.

Turudi kwenye shimo la nguzo ya tatu.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha kijinga, nacho hufanywa na karibu kila mtu. Nilianza kufukua. Maji yakapanda, mchanga ukawa uji, kingo zikaanguka, na kila koleo moja niliyotoa, mbili zilirudi. Mjomba akauliza kwa upole kama nimeshafunga koki ya kwenye dira. Nilikuwa sijafunga. Nilipokwenda kuifunga, ikakataa. Koki ile haikuguswa tangu siku ilipowekwa, kutu na chokaa vilikuwa vimeishika kama saruji. Tulihangaika nayo kwa spana, polepole, tukiogopa isikatike shingo na kutuongezea msiba wa pili, mpaka ikakubali robo mzunguko kwa robo mzunguko. Zilipita kama dakika arobaini. Hata tundu dogo tu la milimita 3, la ncha ya drili, kwenye bomba lenye msukumo wa maji yaliyo kimo cha mita 30, hutoa lita kama 370 kwa saa. Ni ndoo 18 za lita 20. Langu halikuwa tundu, lilikuwa mdomo wazi.

Maji yalipotulia, ndipo ufundi ukaanza, na hapa nitakuwa mrefu kidogo kwa sababu nimeona mengi ya ovyo yakifanywa kwa jina la dharura.

Mpira mweusi wa polithini, ule wa roli wenye mistari ya bluu, hauna gundi inayoushika. Usipoteze fedha. Wengine huuchoma ncha motoni ulainike, wakaupachika juu ya mwenzake na kuubana kwa waya wa kufungia nondo. Utashika wiki, pengine mwezi, kisha waya unakula mpira nawe unachimba tena. Wengine hufunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli, uliokatwa utepe na kuvutwa kwa nguvu. Mimi mpira wa baiskeli nauheshimu, tulioga na kupika kwa msaada wake siku ile tukimngoja fundi. Lakini ni bandeji. Aliyefunga bandeji akaifukia, hajatibu.

Fundi alipokuja saa saba hakuanza na bomba, alianza na shimo. Alilipanua nusu mita kila upande, akalichimba chini ya bomba kwa kiganja kimoja ili mikono ipite. Alikata ncha zote mbili kwa msumeno wa chuma, sawasawa, pasipo mshazari, akazipangusa kwa kitambaa kikavu mpaka zikang'aa. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye pete ya mpira ya koplingi, kiungo kinachokazwa kwa nati, alisema, itakwaruza, na penye mkwaruzo maji yatapita. Kisha akasukuma bomba ndani ya koplingi hadi likapita ile pete, na hapo ndipo wengi hukosea: wanahisi ukinzani wa pete, wanadhani wamefika, wanakaza nati, na siku msukumo ukipanda bomba linachomoka. Kwa kuwa sururu yangu ilikuwa imejeruhi kipande kirefu, zilihitajika koplingi mbili na kipande kipya katikati.

Dukani nako kuna mtego. Mpira hupimwa kwa kipenyo cha nje, milimita 20, 25 au 32, ilhali mtaani tunasema nusu, robo tatu, inchi moja. Usiende na maneno, nenda na kipande chenyewe mkononi.

Ingekuwa bomba la plastiki ngumu, lile la PVC, gundi ndiyo dawa, ila gundi haipendi maji wala haraka. Kata, piga msasa, kausha kabisa, paka pande zote mbili, ingiza huku ukizungusha kidogo, shikilia, kisha uliache. Ukiweza kulala usiku mmoja bila maji, lala. Kwenye nyumba mpya za Masasi na Newala sasa mabomba ya PPR yamezikwa ukutani, na waharibifu wake si wachimbaji bali watundika vioo na makabati. Drili inaingia, ukuta unalia. Bomba la namna hiyo huunganishwa kwa mashine ya joto la nyuzi 260. La milimita 20 huhitaji sekunde 5 tu za kuchomwa, la milimita 25 sekunde 7. Lakini tone moja la maji likiwa linachuruzika ndani, joto halifanyi kazi na kiungo kinakuwa cha uongo. Mafundi wa zamani duniani, tangu enzi za mabomba ya shaba, wana ujanja wa kuziba mchuruziko kwa kusokomeza mkate mweupe ndani ya bomba. Ukimaliza, maji yanauloanisha na kuutoa kwenye koki iliyo wazi. Ni mahali pachache ambapo mkate wa jana una thamani kuliko wa leo.

Mabomba ya chuma ya nyumba za zamani siyagusi, wala wewe usiyaguse. Kutu ikishakula nyuzi, unakaza hapa linapasuka kule. Mwachie mwenye vifaa.

Fundi wetu hakufukia. Aliliacha shimo wazi, akaweka bati juu na matawi ya miiba pembeni watoto wasitumbukie, akasema tungoje zamu ya maji, kiungo kijaribiwe kwa msukumo wake halisi. Tulingoja siku mbili. Siku ya maji tukafungua koki kidogokidogo, sote tumeinama kama tunaotazama kisima cha mzimu, mpaka mkaza mjomba akapitisha kidole chini ya koplingi na kutuonyesha kuwa ni kikavu. Ndipo tukafukia: mchanga laini ulitangulia kurudi, mawe yakakaa mbali.

Maji ya kwanza tuliyamwaga kwenye migomba. Usiyapuuze hayo. Bomba lililokatika wakati wa mgao haliko tupu tu. Maji yanapoondoka hufyonza, na kilicho nje ya tundu, tope, mbolea, hata uchafu wa choo cha karibu, huvutwa ndani. Maji yakirudi hukuletea hadi jikoni. Acha yatiririke mpaka yawe safi, na ya kunywa siku hizo za mwanzo yachemshe au yatie dawa.

Liko pia suala la nani alipe. Kwa kawaida bomba kabla ya dira ni la mamlaka, baada ya dira ni lako, na maji yaliyopita kwenye dira umeyanunua hata kama yameishia mchangani. Mjomba alilipa bili ya mwezi ule. Mimi nilimrudishia kwa awamu, kimyakimya, kama inavyompasa mpwa. Lakini ukikata bomba lililo kabla ya dira, usilishike. Piga simu mamlaka yako mara moja. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira, Namba 5 ya mwaka 2019, inahesabu kuharibu miundombinu ya maji kuwa kosa, na aliyetoa taarifa hatazamwi kwa jicho moja na aliyefukia. Nasema hivi kwa sababu najua kishawishi cha kufukia kilivyo kitamu. Nchini kwetu zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa na mamlaka hupotea kabla ya kuuzwa. Sehemu ni wizi, sehemu dira mbovu, na sehemu ni matundu ambayo mtu fulani aliyaona, akayafunika na udongo, akaenda zake.

Lakini tuliposhika chai jioni ile, mjomba hakunilaumu kwa sururu. Alijilaumu mwenyewe. Nyumba ile iliunganishiwa maji miaka mingi iliyopita, na waliojua bomba limepita wapi walikuwa wawili, fundi aliyehamia Tunduru na bibi yetu, ambaye tulimzika. Alikuwa na kawaida ya kuwafukuza watoto waliochimba upande ule wa uwanja, nasi tulidhani anatunza maua yake. Hakuna aliyemwuliza. Mvua nazo kila mwaka zinakula mchanga wa juu, kwa hiyo bomba lililolazwa kwenye kina cha kuridhisha, tuseme sentimita 60, linapanda juu bila kusogea, mpaka siku moja liko usawa wa sururu.

Siku ya pili yake tulitembea na kamba kutoka kwenye dira hadi jikoni, tukipima kwa hatua, na mjomba akachora njia yote kwenye jalada la ndani la daftari lake la chama cha msingi, ambamo huandika kilo za korosho. Ukutani, pale bomba linapoingia, alipaka mshale kwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye mabati. Nguzo ya tatu tuliisogeza mita moja na nusu, na uzio sasa una kona isiyo na maelezo kwa mgeni.

Wewe unayesoma gazeti hili leo na una shimo la kuchimba au rafu ya kutundika mchana, nenda kwanza kwenye koki iliyo karibu na dira yako. Ifunge, kisha ifungue. Ikikataa kuzunguka, kazi yako ya leo ni hiyo; uzio utasubiri.